Pini Imeshikwa na Nini? Kufunga Nyuzi Mpya Kwenye Piano Kuukuu Isiolo

Piano kuukuu inayoonekana Isiolo leo huwa imebadilisha hewa zaidi ya mara moja. Iliundwa London, Berlin au Boston, ikateremshwa Mombasa ambako unyevu hauishi hewani, ikapandishwa reli hadi Nairobi au hata Nanyuki, ambako garimoshi lilifika mwaka 1930. Miaka mingi baadaye mwenyewe akahama au akafariki, ikauzwa kwa bei ya kutupa, ikapakiwa kwenye lori na kuteremka kilomita kama 80 hadi mji huu ulio mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Huku kiangazi kinakausha hata mbao ambazo kila mtu alidhani zilikauka zamani. Baada ya miezi michache mwalimu wa kwaya anagundua kwamba sauti haikai. Anamwita fundi wa karibu, ambaye kazi yake ya kila siku ni gitaa na spika, na fundi anakuja na boksi lake la spana.

Asubiri kidogo. Kabla ya kuagiza waya, kabla ya kuzungusha chochote, kuna swali moja linaloamua kazi nzima: pini zimeshikwa na nini?

Katika piano nyingi, ncha ya kila uzi imezungushwa kwenye pini ya chuma yenye kipenyo cha milimita 7 hivi, na pini hiyo imepigiliwa kwenye tundu la ubao mgumu ulio nyuma ya fremu ya chuma. Msuguano kati ya mbao na pini ndio unaozuia uzi kulegea, na uzi mmoja unavuta kwa nguvu ya kilo 70 hadi 90. Ukijumlisha nyuzi zote, zinazozidi 200, fremu inabeba tani 16 hadi 20. Hiyo ndiyo njia ya kawaida. Lakini katika karne ya 19 waundaji walishindana kuandikisha hataza za kuondokana na ubao huo, kwa sababu walijua mbao ndiyo sehemu ya kwanza kuchoka. Baadhi ya ala hizo ziliuzwa nchi za mbali, na ukikutana na moja bila kuitambua unaweza kuiharibu kwa dawa ambayo kwenye piano nyingine ingefanya kazi vizuri kabisa.

Kutambua

Kwenye piano ya kusimama, inua kifuniko cha juu, fungua vishikizo vya pembeni na utoe ubao wa mbele. Ubao wa chini huachia ukisukuma kibanzi cha chuma chenye springi kilicho chini ya meza ya vibonyezo. Lete tochi. Fundi mwenye tochi na kalamu ananifurahisha kuliko mwenye boksi zima la zana.

Tazama kichwa cha pini kwanza. Kikiwa cha mraba, ni pini ya kawaida, ingawa piano za zamani za Kiingereza mara nyingi zina vichwa vyembamba kidogo kuliko vya leo. Kikiwa bapa, yaani mstatili, uko mbele ya ala ya zamani sana, na ufunguo wa kisasa wenye tundu la pembe nane hautakishika sawasawa. Ukiona nati badala ya kichwa, hapo hakuna pini ya kuzungusha hata kidogo. Kuna skrubu na nati.

Kisha tazama pale pini inapoingilia. Ukiona mbao tupu, au fremu yenye matundu yaliyozibwa kwa vipete vya mbao kuzunguka kila pini, ubao wa pini upo nyuma. Ukiona pini imeingia moja kwa moja kwenye chuma kinene na nyuma yake ni uwazi, basi chuma chenyewe ndicho kinachoshika. Wegman wa Auburn, jimbo la New York, aliuza piano za namna hiyo: pini imekaa kwenye tundu la fremu, na mvuto wa uzi wenyewe ndio unaoibana dhidi ya ukuta wa tundu.

Mason & Hamlin wa Boston, kuanzia miaka ya 1880 hadi mwanzoni mwa karne ya 20, walitumia skrubu yenye kulabu: uzi unashikwa na kulabu, skrubu inapita kwenye ukingo wa chuma, na nati iliyo juu ndiyo inayovuta. Kwa John Brinsmead wa London pia kulikuwa na piano za kusimama zinazotyuniwa kutoka juu kwa nati. Ni uhandisi mzuri, na mimi nauona mzuri kuliko ubao wa pini kwa nchi kavu kama hii. Haukushinda sokoni kwa sababu ulikuwa ghali kuunda na kutyuni kwake kunachosha.

Andika ulichokiona: jina la mwundaji, namba ya piano, aina ya kichwa, kinachoshika pini. Piga picha za sehemu ya juu, ya kati na ya besi kabla uzi wowote haujaguswa. Utazihitaji siku ambayo nyuzi zote zimetoka na hukumbuki ipi ilipita wapi.

Pini zilizo kwenye mbao

Hii ndiyo hali utakayoikuta mara nyingi, na ndiyo inayoteswa zaidi na hewa ya Isiolo. Ubao wa pini ni tabaka za mbao ngumu, mara nyingi biichi au mepo, zilizogundishwa pamoja. Ukikauka, unasinyaa, matundu yanalegea na wakati mwingine ufa unatoka tundu moja kwenda jirani yake.

Kuna namna rahisi ya kutofautisha ukavu na ufa. Tyuni nyuzi chache katika kila sehemu, ziandike, ziache wiki nzima bila kuchezwa, kisha rudi usikilize. Pini zilizorudi nyuma zikiwa zimetawanyika huku na huko, ubao umekauka tu. Zikiwa zimejipanga mstari mmoja, fikiria ufa, na toa pini moja katikati ya mstari huo uchungulie tundu kwa tochi. Mwenye spana ya kupimia nguvu ya mzunguko anaweza kupata jibu kwa namba: pini mpya kwenye ubao mzuri hukataa hadi nyutoni-mita 11 au zaidi, na ikishuka chini ya 5 hivi haiaminiki tena.

Ubao uliokauka lakini haujapasuka una dawa mbili. Ya kwanza ni supagluu nyembamba, ile ya majimaji kabisa, si ile nzito ya kuziba viatu. Piano inalazwa chali ili gundi ishuke yenyewe, matone machache kuzunguka kila pini, yanyonywe, kisha mengine, na unaiacha siku nzima. Kuilaza si kazi ya watu wawili: piano ya kusimama ina kilo 200 au zaidi, na uzito wake mwingi uko nyuma, kwenye fremu. Tafuta watu wanne wenye nguvu na matairi mawili ya gari ya kuipokelea. Fungua madirisha yote, vaa miwani, watoto wawe mbali. Mvuke wa gundi hiyo unachoma macho vibaya sana.

Dawa ya pili ni kubadilisha pini kwa zile za saizi inayofuata, nene kwa kama milimita 0.125. Hii ndiyo ya kuchagua kama unafunga nyuzi mpya vilevile, kwa sababu pini zitatoka tu. Usizishike kwa mikono yenye jasho wala mafuta. Usipanue tundu kwa drili ukidhani unasafisha. Sugua ukuta wake taratibu kwa brashi ya bunduki au kitambaa kikavu, basi. Pini hupigiliwa kwa nyundo, pigo moja moja, na iachwe ikiwa na nafasi ya milimita 5 hivi kati ya mzunguko wa mwisho wa uzi na fremu.

Mafuta ya kulainisha, yale ya kupuliza ambayo kila gereji inayo, hayaingii kwenye piano ya ubao wa pini. Yakishanyonywa na mbao, msuguano umekwisha na hakuna gundi itakayoshika vizuri tena.

Kwa vichwa bapa, usitumie koleo wala spana ya kurekebisha. Vichwa hivyo ni laini na vinakunjika kingo mara moja. Mpelekee fundi wa kukereza chuma soketi ngumu ya zamani, mwambie aizibe na kuchonga mwanya wa mstatili unaopungua kuelekea ndani, ukiwa na vipimo vya kichwa ulivyochukua kwa kalipa. Pini nyingi za zama hizo hazina tundu la kupitishia ncha ya waya: ncha inalazwa kando ya pini, na mzunguko wa kwanza unaipandia na kuibana. Kama ubao ni mzima na mwenye piano hataki kuihifadhi kama kumbukumbu ya makumbusho, mimi ningeweka pini mpya zenye tundu. Kama ni ala ya thamani ya kihistoria, ziache zile zile.

Pini zilizo kwenye chuma, na zile za nati

Kwenye mfumo wa Wegman sahau supagluu. Haina cha kunyonywa nacho, itafanya ngozi ya kioo kati ya chuma na chuma, na siku utakayozungusha pini itapasuka na kuteleza. Sahau pia pini kubwa zaidi. Ukiipigilia kwenye tundu la chuma cha kusubu unaweza kupasua fremu, na fremu iliyopasuka ni mwisho wa piano. Ukitoa uzi, pini itachezacheza ndani ya tundu. Usishtuke, ndivyo ilivyoundwa: mvuto ukirudi itabana tena. Kinachohitajika ni usafi. Futa vumbi na grisi ya miaka yote kwa spiriti, pini na tundu, na kila pini irudi kwenye tundu lake la asili kwa sababu vyote viwili vimelika pamoja. Chukua kipande cha boksi, toboa matundu kwa mpangilio ule ule wa fremu, na uchomeke pini humo kadiri unavyozitoa.

Mfumo wa nati unageuza sheria ya mafuta. Hapa tatizo ni kutu kwenye hesi, na mafuta ya kupenyeza yanaruhusiwa, lakini kwa tone la ncha ya sindano, si kwa kupuliza. Chini ya nati kuna feltu, nyundo na ubao wa sauti ambavyo havitaki mafuta. Weka kitambaa chini, tia tone, subiri hadi kesho. Nati ikikataa, izungushe kidogo mbele, kidogo nyuma. Ukilazimisha upande mmoja utaikata skrubu, na skrubu hiyo hakuna duka linaloiuza. Hesi za zama hizo si za milimita, kwa hiyo usizipitishie daisi ya kisasa ya metriki eti uzisafishe. Brashi ya waya wa shaba inatosha. Skrubu ikiwa imekufa kabisa, peleka nzima mojawapo kwa fundi wa leithi aichonge kwa kuinakili.

Kuna jambo moja ambalo watu hulipata kwa kuchelewa. Skrubu ina mwendo mfupi. Kabla ya kulegeza uzi wowote, pima kwa kalipa ni kiasi gani cha skrubu kimetokeza juu ya nati, ukiandike kwa kila uzi. Waya mpya hunyooka kwa wiki kadhaa. Ukiikata ndefu, nati itafika mwisho wa hesi wakati sauti bado iko chini, na itabidi utoe uzi uanze upya. Funga uzi mpya ukiwa umebakiza sehemu kubwa ya mwendo wa skrubu mbele yako.

Waya

Ondoa mitambo ya nyundo kwanza, uifunike shuka. Kisha legeza nyuzi zote kwa awamu, ukipita kutoka mwisho mmoja hadi mwingine na kurudi. Usimalize besi yote huku sehemu za juu zingali zimekaza, maana fremu iliyozoea tani 16 haipendi kuvutwa upande mmoja.

Pima unene wa waya ya zamani kwa mikromita mahali pasipo na kutu. Waya ya piano ina namba zake: 13 ni milimita 0.775, 14 ni 0.825, 15 ni 0.875, na kuendelea hivyo hadi 20 ambayo ni 1.125. Mara nyingi namba hizo zimegongwa kwenye fremu au zimeandikwa kwa penseli kwenye ubao, lakini piano iliyowahi kutengenezwa inaweza kusema uongo, kwa hiyo amini mikromita. Waya nzuri inayoagizwa na mafundi wengi duniani ni ya Röslau, Ujerumani.

Kuna kishawishi cha huku kwetu: waya ya fensi ya umeme, iliyojaa kwenye hifadhi na ranchi zinazotuzunguka. Ni ngumu, ni ya bei nafuu, na haifai. Ile ya kawaida ina milimita 1.6 au 2.5, unene usiofanana na wowote wa nyuzi za juu, na chuma chake hakihimili mvuto ambao waya ya muziki inahimili. Vivyo hivyo na shaba ya mafundi wa kurewaindi mota. Nyuzi za besi ni waya ya chuma iliyoviringishiwa shaba tupu kwa mashine. Shaba ya mota imepakwa vanishi na haibani kiini. Uzi wa besi uliokatika peleka kama ulivyo, pamoja na kitanzi chake, kwa mtengenezaji wa nyuzi ili anakili. Usiokatika lakini umekufa sauti, ulegeze, utoe kitanzi kwenye msumari wake, usugue, kisha urudishe ukiwa umeupindua mzunguko mmoja kuelekea ulikoviringishiwa shaba. Mara nyingi sauti inarudi, na umeokoa gharama ya kuagiza nje.

Sasa kufunga wenyewe, kwenye pini za kuzungusha. Unataka mizunguko mitatu iliyobanana, isiyopandana. Pini ya milimita 7 ina mzingo wa milimita 22. Mara tatu ni 66. Ongeza 5 za ncha inayoingia tunduni, unapata 71. Kwa hiyo vuta waya hadi kwenye pini yake, pima sentimita 7 kuipita, ukate hapo. Kwa pini nyembamba ya milimita 6.5 hesabu inashuka hadi 66. Ncha isitokeze upande wa pili wa tundu, itakukata vidole. Zungusha pini huku mkono mwingine ukiivuta waya kwa kulabu ili mizunguko ilale sambamba. Angalia pia kama waya moja inahudumia nyuzi mbili kwa kupita kwenye msumari wa chini, au kila uzi una kitanzi chake kama kwenye Blüthner za Leipzig; usibadilishe mfumo ulioukuta.

Miwani isitoke usoni muda wote huu. Waya ikikatika inaruka.

Kupandisha sauti na kuishi na kiangazi

Kipimo cha leo ni A ya 440. Ukiwa na piano ya London iliyoundwa kabla ya 1896, usiogope namba hiyo: zama hizo Uingereza ilikuwa ikitumia kipimo cha juu cha takriban 452, hadi Philharmonic Society ilipoteremka hadi 439 mwaka huo. Fremu ikiwa nzima, 440 ni mzigo mwepesi kuliko iliokusudiwa. Ala isiyo na fremu kamili ya chuma ni habari nyingine. Iache nusu toni chini na mwimbaji azoee. Kwa vyovyote vile panda kwa hatua, nzima nzima, si uzi mmoja mmoja hadi mwisho. Programu ya simu inasaidia kupata A na oktavu ya katikati. Pembeni kabisa sikio lichukue kazi, maana nyuzi fupi za juu hutaka kuvutwa juu kidogo kupita hesabu.

Wanaopiga kanuni katika taarabu ya Unguja wana nyuzi zaidi ya 70 kwenye mbao, nao hutyuni kabla ya kila onyesho bila kulalamika. Mwenye piano Isiolo anahitaji subira ya aina hiyo mwaka wa kwanza: baada ya wiki, baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, kisha mara mbili kwa mwaka. Tyuni kubwa ipange mvua ndefu zikishaisha, hewa inapokuwa katikati. Ukiifanya Februari wakati wa ukavu mkali, mvua za Aprili zitaipandisha sauti yote.

Piano isikae kwenye ukuta wa mabati wala mahali jua la alasiri linapofika. Weka kipimo cha unyevu cha bei nafuu juu yake ujue kinachoendelea. Chupa ya maji yenye kifuniko kilichotobolewa, ikisimamishwa chini ndani ya piano, inasaidia kidogo mradi mtu anakumbuka kuijaza. Inua miguu juu ya vipande vya mawe kwa ajili ya mchwa.

Kuna piano ambazo unapaswa kuzikataa. Fremu iliyopasuka, ubao wa pini uliogawanyika kwa urefu, mbao zilizoliwa na wadudu hadi unga unamwagika: mwambie mwenyewe siku ya kwanza, kabla hajanunua waya. Kibodi ya umeme itamfaa zaidi kanisani, na hakuna aibu. Kwa anayetaka kuuliza kuhusu fundi mwenye uzoefu au vipuri, Kenya Conservatoire of Music, iliyopo Nairobi tangu 1944, ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ukimaliza, andika kwa penseli nyuma ya ubao wa chini: tarehe, namba za waya, saizi ya pini, na kama ulitia supagluu. Kama piano ni ya nati, ufunguo wake mdogo ufunge kwa uzi imara ndani ya piano, upande wa besi. Ukipotea, fundi ajaye atalazimika kuuchonga upya kabla hajagusa noti moja.